Rejeta ya SUV ya kifahari iliyozeeka inavuja: dawa, gundi, kuchomelea au mpya kabisa?

Watu wakiuliza "dawa gani nzuri ya kuziba rejeta" mi huwa nawarudishia swali, inavuja wapi? Manake rejeta ya BMW X5 E53 (toleo la kwanza), ya Range Rover L322 (toleo la tatu), ya Porsche Cayenne ile ya kwanza au ya Lexus LX470 sio kitu kimoja, ni vitu vitatu vimefungwa pamoja. Kuna kori ya alumini, ile sehemu ya kati yenye mirija bapa na vibati vyembamba. Kuna matenki mawili ya plastiki, yaani nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Halafu kati yao kuna ringi ya raba iliyobanwa na meno ya alumini yaliyokunjwa kuzunguka tenki. Kila kimoja kinakufa kivyake, na tiba ya kimoja haifai kwa kingine, ndo maana unakuta mtu mmoja anaapa dawa ya chupa ilimsaidia mwaka mzima na mwingine anasema ilimuulia hita, wote wawili wanasema kweli.

Msimamo wangu nauweka mapema ili usisome mpaka mwisho kuutafuta: gari ina miaka 15 kwenda juu na kilichopasuka ni tenki la plastiki, nunua rejeta mpya ya kampuni inayoeleweka, mengine yote ni kuahirisha. Kitundu kidogo kwenye kori hapo kuna mjadala. Rejeta ya shaba ya magari ya zamani zaidi, kama Range Rover za kwanza kwanza, hiyo ni habari nyingine, inachomeleka vizuri tu na fundi anayejua kulehemu.

Ila kabla ya kulinganisha chochote hakikisha kwanza ni rejeta. Hizi gari zina sehemu nyingi mno za kuvujia na nyingi zinadondoshea mbele kule kule. Tenki la akiba la plastiki linapasuka kwenye mshono, wota pampu inatoa jasho kwenye kile kitundu chake cha chini, mipira inalegea kwenye klipu, na kifuniko kikichoka raba kinamwaga kulanti (yale maji ya kupozea injini yaliyochanganywa na dawa yake) kila injini ikipata moto. Cayenne za V8 za 2003 hadi 2006 zina mabomba ya plastiki chini ya inteki manifoldi (sehemu inayogawa hewa ya kuingia kwenye silinda) yanayopasuka, kulanti inamwagika juu ya injini katikati ya V halafu inatiririkia nyuma kwenye gia boksi, hapo hata ukibadili rejeta tatu hutaona tofauti. LX470 na ndugu yake Land Cruiser 100 zina vile viungo vya plastiki vyenye umbo la T vya mipira ya hita kule nyuma ya injini, vikizeeka ukivigusa vinamomonyoka kama biskuti. Na maji safi yasiyo na rangi wala harufu yanayodondoka upande wa abiria ukiwa umewasha AC, hayo ni ya AC, endelea na safari.

Kipimo kizuri ni ile pampu ya presha ya kufunga mahali pa kifuniko. Injini ikiwa baridi kabisa unapampu mpaka presha iliyoandikwa kwenye kifuniko chako, Mercedes nyingi ni bar 1.4, BMW utakuta 1.4 au 2.0, Toyota nyingi ziko karibu na 1.1, halafu unaacha kama robo saa unaangalia mshale. Ukishuka, chukua tochi. Kulanti inapovuja taratibu huacha chumvi yenye rangi, nyeupe au ya waridi au ya kijani, kutegemea unatumia ipi, na hiyo alama haidanganyi. Kama mshale unashuka na nje kukavu kabisa, angalia kapeti ya mbele kama imelowa (hita) au anza kufikiria hedi gasketi (kizibo kati ya bloku ya injini na silinda hedi), na hapo tena sio mada ya rejeta. Kifuniko usikifungue injini ikiwa moto hata kama una kitambaa kinene. Kwenye presha ya bar 1 juu ya hewa ya kawaida maji matupu yanachemkia kwenye nyuzi 120 hivi, ukifungua presha inaondoka ghafla na yale maji yote yanataka kuwa mvuke kwa wakati mmoja, usoni kwako.

Haya sasa tuanze na wapinzani wawili wa bei rahisi, dawa ya chupa na gundi.

Dawa ya chupa inafanya kazi kwa njia mbili kuu. Nyingine zina silikati ya sodiamu inayogandia pale inapokutana na joto na hewa ya nje, nyingine zina nyuzi au chembechembe zinazosukumwa na presha mpaka zinakwama kwenye tundu. Zote zinataka tundu liwe dogo na lisilocheza. Kitundu cha sindano kwenye mrija wa kori, sawa, zinaweza kushika. Ufa kwenye tenki la plastiki unafunguka gari ikipata moto na kujifunga ikipoa, hapo dawa inashika asubuhi inaachia mchana. Kinachonifanya niwe mgumu nayo kwenye hizi gari ni kwamba kulanti haiishii kwenye rejeta, inazunguka kwenye kori ya hita yenye mirija myembamba kuliko ya rejeta, kwenye hita ya nyuma kama gari inayo, kwenye pampu ndogo ya umeme ya hita, kwenye kipozeo cha oili ya injini au cha gia boksi. Gari ya kawaida ikiziba hita unatoa dashibodi unalalamika siku moja. Kwenye L322 kutoa dashibodi ni mradi.

Na zile tiba za kienyeji za kumwaga yai bichi au pilipili manga ndani ya rejeta sizijadili, ila najua kuna mtu atazitaja.

Gundi, namaanisha ile ya epoksi ya vichupa viwili yenye unga wa chuma, ina faida moja kubwa juu ya dawa: inakaa pale ulipoipaka, haisafiri kwenye mfumo. Ubaya wake ni maandalizi, na hapa ndo wengi wanaharibu. Lazima umwage kulanti mpaka chini ya sehemu inayovuja, ukaushe kabisa, ukwangue kwa msasa mpaka uone chuma kinachong'aa, upanguse kwa asetoni, upake, halafu usiguse gari mpaka kesho yake, manake epoksi ya kawaida inahitaji karibu saa 24 kukomaa, ile ya dakika tano haivumilii joto vile vile. Kwenye alumini inashika vizuri. Kwenye nailoni inashika juu juu, plastiki ile ina utelezi wa asili na imenywa kulanti miaka yote hiyo, ukiipaka leo inabanduka kama gamba ikishapata moto mara kadhaa. Tatizo lingine ni kufika, rejeta mbele imezibwa na kondensa ya AC (kipozeo cha gesi yake) na nyuma na feni, mara nyingi kitundu kiko mahali ambapo kidole hakiingii, na ukishafikia hatua ya kuitoa rejeta ili uipake gundi jiulize kwanini unairudisha ileile.

Kwahiyo dawa au gundi? Kitundu cha kori unachokiona na kukifikia, gundi inashinda. Kitundu cha kori usichokifikia na uko njiani na unachotaka ni kufika tu, dawa kidogo, nusu ya chupa, halafu ukifika unasafisha mfumo mzima na kubadili rejeta, sio unasahau mpaka mwakani. Kama uko njiani na huna hata hiyo dawa kuna ujanja wa kusubiri injini ipoe kisha kulegeza kifuniko ili presha isipande ivuje taratibu, unaongeza maji unapunguza mwendo. Inasaidia kilomita chache, ila kumbuka bila presha maji yanachemkia chini zaidi, macho yasitoke kwenye mshale wa joto. Na ule mshale kwenye BMW za kipindi hicho umetengenezwa ukae katikati kwenye joto la anuwai kubwa, ukiuona unaondoka katikati ujue mambo yameshaharibika muda, usisubiri ufike kwenye nyekundu. Zima.

Ufa wa plastiki ndo unanigombanisha na watu. Hizi tenki mara nyingi zinaanzia kupasuka kwenye shingo ya juu pale mpira wa maji moto unapoingia, au kwenye kona karibu na mkunjo wa meno. Ukiangalia kwa karibu kabla haijapasuka plastiki nyeusi inaanza kugeuka kahawia na kuwa na vistari vyembamba kama nywele, hivyo ndo vinakuwa nyufa. Kuna wanaochomelea kwa pasi ya umeme na kipande cha nailoni ya aina ileile, na ukimpata anayeijua kazi inashika. Ila amechomelea ufa mmoja tu, plastiki iliyobaki ina umri uleule na imepita kwenye joto lilelile, mwezi ujao inapasuka sentimita kumi pembeni. Ule msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta hapa unageuka, ukiuziba ufa ndo utajenga injini. Injini nyingi za hizi gari ni alumini, zikichemka mara moja vizuri silinda hedi inapinda, na hesabu ya hedi haifanani hata kidogo na ya rejeta.

Kubadili tenki peke yake au raba peke yake kwa fundi wa rejeta ni chaguo la katikati ambalo watu wanalisahau. Anafungua yale meno ya alumini, anaweka tenki jipya na raba mpya, anakunja tena, anapima kwa presha ndani ya maji. Kori ikiwa nzima ni kazi halali kabisa, hasa kama rejeta ya gari yako haipatikani kirahisi. Masharti mawili tu, meno yakunjwe mara moja (alumini ikikunjwa na kukunjuliwa mara mbili tatu inakatika), na kabla ya kulipa chukua bisibisi ndogo ukwaruze vile vibati vya kori taratibu, vikimwagika unga kori imeoza, usiweke tenki jipya kwenye kori iliyooza.

Sasa kununua, na hapa kuna kambi nne.

Ya mtumba kutoka kwenye gari iliyochinjwa mimi naiweka mwisho kabisa. Unatoa plastiki ya miaka 18 unaweka plastiki ya miaka 18, na hujui mwenyewe wa kwanza alimwaga dawa gani humo ndani. Nitaikubali kama ni modeli adimu na huna njia nyingine, na hata hapo ipelekwe kwanza ikapimwe presha.

Mpya ya bei chee isiyo na jina inavutia kwenye picha manake zote kwenye picha zinafanana. Tofauti unaiona ukizishika, ya bei chee mara nyingi kori yake ni nyembamba kwa milimita kadhaa, vibati vimeachana zaidi, na kipozeo cha gia boksi kilichomo ndani ya tenki ni kifupi. Kwenye gari ndogo pengine usione kitu. Kwenye SUV ya tani mbili na nusu inayopanda mlima AC ikiwa imewaka, hapo ndo utaona mshale ukianza kusogea, na utaanza kulaumu thamostati wakati thamostati haina kosa. Vifungio navyo, vile vitundu vya klipu za haraka visipokuwa na kipimo sawa o-ringi haikai na unavuja upya siku ya kwanza.

Mpya ya kampuni inayotengenezea viwanda vya magari, hii ndo kura yangu kwa karibu kila mtu. Behr (sasa iko chini ya Mahle) ilikuwa inawatengenezea BMW, Denso inawatengenezea Toyota na Lexus, Valeo iko kwenye magari mengi ya Ulaya. Mara nyingi ni kitu kilekile, kinachokosekana ni nembo ya gari kwenye boksi. Nissens ya Denmark nayo iko kwenye biashara ya vipozeo tangu 1921 na ina heshima yake. Orijino ya boksi la kiwanda haina ubaya wowote isipokuwa unalipia nembo, ningeichukua pale tu ambapo rejeta ina umbo la pekee na kampuni nyingine hazijaigusa.

Kuna na zile za alumini tupu, tenki mpaka kori, zimechomelewa. Wapenzi wa Land Cruiser wanazipenda. Ukipata yenye weldi nzuri plastiki imeondoka kwenye maisha yako, ila zikifungwa bila raba zake za kukalia mtikisiko unapasua weldi, na nyingine haziji na kipozeo cha gia boksi ndani kwahiyo lazima ufunge cha pembeni. Hilo kwa kweli mi silioni kama hasara.

Manake kile kipozeo cha ndani kina balaa lake. Kwenye gari nyingi za otomatiki oili ya gia inapita ndani ya tenki la rejeta, imetenganishwa na kulanti na ukuta mwembamba tu. Ukuta ukitoboka kulanti inaingia gia boksi na oili inaingia kwenye kulanti, unafungua kifuniko unakuta uji wa rangi ya maziwa ya stroberi. Nissan Pathfinder za 2005 hadi 2010 zilipata sifa mbaya sana kwa jambo hili, na gia boksi nyingi ziliuawa hivyo. Kwahiyo kama rejeta yako ni ya aina hiyo na imeshazeeka, hoja ya kuichomelea au kuipaka gundi inazidi kudhoofika, hata ufa uwe mdogo namna gani, hujui ule ukuta wa ndani umebaki na siku ngapi. Ukiona tayari kuna uji, usiwashe gari, usisogeze hata mita kumi.

Nyumbani au gereji? Kubadili mwenyewe inawezekana kama una nafasi, stendi za jeki imara (sio jeki peke yake, tafadhali), na uvumilivu na klipu za plastiki zilizokauka. LX470 ni ya kirafiki, nafasi ipo na bolti zinaonekana. E53 yenye feni ya kuzungushwa na injini ina nati kubwa ya milimita 32 na uzi wake ni wa kinyume, unafunguka kwa kuzungusha upande ambao ungefungia, ukilijua hilo mapema unaokoa ngozi ya vidole. Kondensa ya AC usiifungue mabomba, ifungue bolti zake tu uifunge na kamba ining'inie, gesi ibaki ndani. Na ukishafungua mabomba ya oili ya gia jua kuna oili imemwagika na lazima irudishwe. Gia boksi za otomatiki za ZF 6HP zilizo kwenye baadhi ya X5 na Range Rover na kwenye Discovery 3 hazina kijiti cha kupimia, kiwango kinaangaliwa injini inaunguruma na oili iko kati ya nyuzi 30 na 50, kwahiyo unahitaji mashine ya kusoma joto na gari iwe imelala sawasawa. Hapo kama huna mashine, fanya kazi ya rejeta mwenyewe halafu kile kipande cha gia mpelekee fundi, hakuna aibu.

Vitu ambavyo ningebadili kwa safari hiyohiyo kwa sababu ni vya umri uleule na viko wazi mbele yako ni kifuniko, mipira ya juu na chini, thamostati, na tenki la akiba kama ni la plastiki lililogeuka rangi. Wota pampu inategemea, kama hujui ilibadilishwa lini basi ndio. Ukiweka rejeta mpya na kuacha vingine presha inarudi kuwa kamili na inatafuta kiungo dhaifu kinachofuata, ndo pale mtu anasema "nilibadili rejeta, wiki iliyofuata mpira ukapasuka".

Kulanti usichague kwa rangi. Rangi ni ya mtengenezaji, sio kipimo, angalia namba inayotakiwa na kitabu cha gari, changanya nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (disitildi), sio ya bomba yenye chumvi, na usichanganye aina mbili manake baadhi zikikutana zinatengeneza tope. Kutoa hewa ndo kunakowashinda wengi. Hita iwe kwenye joto la juu kabisa, kiskrubu cha kutolea hewa kifunguliwe kwa mkono mwepesi, ni plastiki nacho. X5 E70 (toleo la pili) zenye pampu ya umeme zina utaratibu wake, swichi oni bila kuwasha injini, hita joto la mwisho na feni ya ndani chini kabisa, kanyaga mafuta mpaka sakafuni kama sekunde kumi, pampu inajizungusha yenyewe dakika kama 12, betri iwe kwenye chaja.

Kama rejeta ni mpya ya maana na ikatoboka tena vitundu vya sindano bila kugongwa, acha kulaumu kiwanda, pima umeme. Chukua mita ya volti, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu uchovye kwenye kulanti bila kugusa chuma, injini ikiwa inaunguruma na taa na feni vimewaka. Ikisoma zaidi ya volti 0.3 kuna waya wa athi (ule wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri) uliokatika au kulegea mahali na umeme unapitia kwenye maji unakula alumini, na rejeta yoyote utakayoweka humo itaisha vilevile mpaka hiyo athi irekebishwe.

Kulanti uliyoimwaga iweke kwenye galoni lenye kifuniko siku hiyohiyo. Ethilini glaikoli ina ladha tamu, mbwa na paka wanailamba, watoto pia wanaweza, na kiasi kidogo kinaharibu figo. Mwagia maji pale ilipodondokea sakafuni, halafu galoni lipeleke gereji inayopokea oili chafu.